Kipokezi cha haidrojeni juu ya paa la Uyole: tathmini baada ya miezi minane

Kifaa ninachokitathmini hapa ni seti ya vitu viwili vinavyouzwa pamoja kwa ajili ya kupokea mawimbi ya redio yanayotolewa na gesi ya haidrojeni iliyotanda katikati ya nyota. Cha kwanza ni kipokezi cha redio chenye ukubwa wa fleshi nene, kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta mpakato na kuendeshwa kwa programu. Cha pili ni amplifaya ndogo yenye kichujio ndani yake, iliyotengenezwa mahususi kwa masafa ya megahezi 1420. Antena haimo, utajitengenezea mwenyewe. Sitataja jina la kiwanda, kwa kuwa seti za aina hii hutengenezwa na kampuni kadhaa kwa vipimo vinavyokaribiana, na nitakayoyasema yatamfaa mnunuzi wa yoyote kati ya hizo. Nimeitumia kwa miezi minane, kuanzia Juni hadi mwisho wa Januari, juu ya paa la nyumba ya walimu hapa Uyole, Mbeya, pamoja na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Pamoja na usafirishaji na ushuru, ilinigharimu karibu shilingi laki tatu. Kwa shule inayofundisha fizikia naipendekeza kwa moyo wote, lakini kwa sharti moja ambalo nitalieleza kwa kirefu, maana bila sharti hilo fedha hiyo itakuwa imepotea.

Niseme kwanza kwa nini niliihitaji. Kila aliyewahi kufundisha kemia anajua jaribio la mwali: ukichovya waya safi kwenye chumvi ya mezani na kuushika ndani ya mwali wa gesi, mwali unageuka kuwa wa manjano makali, kwa sababu sodiamu hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi kwa nguvu kuliko mwingine wowote. Mwanafunzi akishaliona hilo kwa macho yake, ameshika msingi wa spektroskopia: kila elementi ina alama zake, na alama hizo ni zilezile maabara na mbinguni. Tatizo ni kwamba hatua iliyofuata ilikuwa ya kusadiki tu. Tuliwaeleza kwamba mwaka 1864 Mwingereza William Huggins alielekeza spektroskopu yake kwenye nebula moja, yaani doa la mwanga hafifu kama wingu angani, akaona mistari michache ing'aayo badala ya utepe mzima wa rangi, akatambua kwamba anatazama gesi wala si kundi la nyota zilizosongamana. Tuliwaeleza kwamba mwaka 1904 Johannes Hartmann, akiwa Potsdam nchini Ujerumani, aliona katika mwanga wa Delta Orionis, ambayo ni mojawapo ya zile nyota tatu za mkanda wa Orion, mstari wa kalsiamu ambao haukuyumba pamoja na mistari mingine ya nyota hiyo, akahitimisha kwamba kalsiamu ile haimo kwenye nyota bali imo njiani, kati ya nyota na sisi. Wanafunzi walinakili yote hayo kwenye madaftari yao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepima chochote.

Gesi yenyewe ni haba kupita tunavyoweza kufikiri. Sentimita moja ya ujazo ya hewa ya Mbeya, pamoja na wepesi wake wa mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina molekuli zinazoandikwa kwa tarakimu 2 ikifuatwa na sifuri 19. Nafasi hiyohiyo katikati ya nyota ina wastani wa atomu moja hivi, na ndani ya mawingu baridi ya haidrojeni zinafika makumi tu. Atomu hizo nazo ni bubu karibu maisha yao yote. Haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja, na kila moja ina mzunguko wake kama pia. Mizunguko hiyo ikielekea upande mmoja, atomu inakuwa na nishati kidogo zaidi kuliko ikielekeana kinyume, na elektroni inapogeuka, nishati hiyo hutoka kama wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, yaani masafa ya megahezi 1420.406. Atomu moja iliyoachwa peke yake husubiri kwa wastani miaka milioni 11 kabla ya kugeuka. Kinachotuokoa ni kina cha anga: tukitazama kando ya Njia Nyeupe, ambayo wengine huiita Njia ya Maziwa, mstari wetu wa kuona unapita katika maelfu ya miaka ya nuru ya gesi, na katika wingi huo daima zipo zinazogeuka sasa hivi.

Hendrik van de Hulst wa Uholanzi alitabiri wimbi hilo mwaka 1944, nchi yake ikiwa bado chini ya uvamizi wa vita, na tarehe 25 Machi 1951 Harold Ewen na Edward Purcell walilipokea kwa mara ya kwanza pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Antena yao ilikuwa pembe ya mbao nyembamba iliyofunikwa shaba kwa ndani, ikichomoza nje ya dirisha la maabara. Mvua ikinyesha, maji yalitiririka kupitia humo hadi ndani, na wanafunzi waliopita chini walirusha humo mipira ya theluji. Leo imehifadhiwa kwenye kituo cha darubini za redio cha Green Bank, West Virginia. Habari ya pembe ile ndiyo iliyonipa ujasiri wa kununua seti hii, kwa sababu kitu kilichowezekana kwa mbao na shaba kinawezekana kwa bati la Mwanjelwa, sokoni hapa Mbeya.

Fundi bati niliyemwendea kazi yake ya kila siku ni mifereji ya mvua, majiko na ndoo za kumwagilia bustani. Nilimpelekea mchoro: sanduku lenye upana wa sentimita 16.5 na kimo cha sentimita 10.5, lililozibwa upande mmoja, na upande wa pili likipanuka kama tarumbeta hadi mdomo wa sentimita 75 kwa 60. Akaugeuzageuza mchoro, akaniuliza, "Mwalimu, huku nyuma umeziba na huku mbele umeacha wazi. Hili la kupokea maji au la kumwaga?" Nilipomweleza kwamba ni la kupokea mawimbi yanayotoka juu, aliuliza swali ambalo hakuna muuzaji yeyote aliyewahi kuniuliza: mwanya wa kiasi gani kwenye maungio unaruhusiwa? Nikamjibu kwamba mwanya wa milimita mbili tatu hauna madhara kwa wimbi la sentimita 21, ila pande zote za bati lazima zigusane kwa umeme. Basi akakunja maungio mara mbili, akayapiga kwa nyundo ya mti hadi yakalala, kisha akalehemu kwa ndani kila alipohisi mkunjo umeachia. Bila kuombwa, alikunja pia kingo zote za mdomo kwa sentimita moja kwenda nje, ili zisiwakate watoto mikono. Ndani ya sanduku, sentimita 7 kutoka kwenye ukuta wa nyuma, tulisimamisha kipande cha waya wa shaba chenye urefu wa sentimita 5 na ushei, ambao ni takriban robo ya wimbi. Hicho ndicho kinachokusanya mawimbi na kuyaingiza kwenye amplifaya. Namshukuru fundi yule kwa dhati. Kazi yake ilikuwa safi kuliko antena mbili zilizotengenezwa tayari nilizowahi kuzishika.

Sasa nirudi kwenye seti yenyewe. Amplifaya ndiyo moyo wake, na kwa upande huo sina lawama. Inaongeza nguvu ya mawimbi kwa takriban desibeli 40, yaani mara 10,000, huku ikiongeza kelele yake kidogo sana, na kichujio chake kinazuia mawimbi ya minara ya simu ambayo vinginevyo yangekizamisha kipokezi. Lazima ifungwe pale pale kwenye antena, si chini karibu na kompyuta, kwa sababu kelele ya kebo ikishatangulia amplifaya haiwezi kuondolewa tena. Umeme wake unapandishwa na kipokezi kupitia kebo ileile inayoshusha mawimbi. Hapo ndipo maelekezo yaliyokuja ndani ya boksi yalipotuangusha: swichi ya umeme huo haipo kwenye kifaa bali imo ndani ya programu, na karatasi ile haikuitaja hata kwa neno moja. Usiku wa kwanza na wa pili tulitazama kwenye kompyuta mstari wa nguvu ya mawimbi uliolala tambarare kama ziwa lisilo na upepo, tukidhani antena ni mbovu. Usiku wa tatu niliiona swichi hiyo kwenye orodha ya mipangilio, nikaiwasha, na mstari wote ukapanda palepale.

Njia rahisi ya kuhakikisha kwamba kila kitu kinafanya kazi haihitaji nyota. Tulilaza antena ikielekea anga tupu la upande wa kaskazini, nikamwomba mwanafunzi mmoja asimame mbele ya mdomo wake. Mstari ulipanda. Akaondoka, ukashuka. Akarudi na mwenzake wakasimama wawili, ukapanda zaidi. Kila chenye joto hutoa mawimbi ya redio, na mwili wa binadamu wenye nyuzi 37 ni tanuri ukilinganishwa na anga iliyo baridi. Walibadilishana zamu kwa zaidi ya nusu saa, na sikuwazuia.

Kuhusu programu nitasema machache, kwa kuwa zipo nyingi za bure na zinatosha. Kipokezi kinaweza kuchukua upana wa megahezi 2.4 kwa wakati mmoja bila kupoteza data. Tukiugawa upana huo katika vipande 512, kila kipande kina kilohezi 4.7 hivi, na kwa bahati njema hicho ni karibu sawasawa na mwendo wa kilomita 1 kwa sekunde katika wimbi la haidrojeni: gesi inayotukimbia kwa kilomita 1 kwa sekunde husogeza masafa yake chini kwa kilohezi 4.74. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuhesabu vipande kwa kidole na kusoma mwendo moja kwa moja. Spektra, yaani mchoro wa nguvu ya mawimbi kwa kila masafa, ikiwa ya sekunde moja ni majani tu yanayopeperuka. Ukichukua wastani wa dakika tano, majani yanatulia na nundu ya haidrojeni inasimama peke yake. Utahitaji pia spektra ya mahali pasipo na gesi nyingi, ili uigawanye nayo na kuondoa umbo la kichujio chenyewe. Sisi tulitumia anga la saa chache kabla Njia Nyeupe haijafika utosini.

Nije kwenye sharti. Ndani ya kila kipokezi mna oskileta, yaani kipande cha kwatzi kinachotetemeka na kumwambia kipokezi masafa ni yapi. Vipokezi vya bei ya chini kabisa vina oskileta ya kawaida, inayobadilika kadiri joto linavyobadilika, na vilivyo bora vina oskileta inayofidia mabadiliko hayo. Tofauti ya bei si kubwa, lakini kwa kazi hii tofauti ya matokeo ni kama usiku na mchana. Mwezi Mei, kabla ya seti hii, nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kipokezi cha aina ya kwanza. Mbeya baada ya jua kuzama joto linaporomoka, na usiku wa Juni linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, huku kipokezi chenyewe kikiwa kimechemka kiasi cha kutoshikika. Kosa la sehemu 50 kwa milioni, ambalo ni la kawaida kwa kwatzi isiyofidia joto, ni kilohezi 71 kwenye wimbi la haidrojeni, au kilomita 15 kwa sekunde. Nundu yetu ilikuwa ikitembea kati ya jioni na usiku wa manane kama mbuzi asiyefungwa kamba. Nilikiweka kando. Kipokezi kilichokuja na seti kina oskileta yenye kosa lisilozidi sehemu moja hivi kwa milioni, ambalo ni sawa na kilomita 0.3 kwa sekunde, na hilo kwa antena kama yetu halina uzito.

Hata hivyo kilikuja kunitia shaka nacho. Kila Jumamosi tulipima Njia Nyeupe ikipita utosini, tukaandika masafa ya kilele cha kwanza cha nundu, kilicho karibu kabisa na masafa ya haidrojeni iliyotulia. Binti mmoja wa kidato cha sita alikuwa akitia nukta hizo kwenye karatasi ya grafu iliyobandikwa ukutani. Julai ilipokwisha, nukta zilikuwa zimeteremka. Agosti zikateremka zaidi. Niliamini kwamba nimeuziwa tena oskileta mbovu, na niliandika rasimu ya barua ya malalamiko. Kabla ya kuituma tulikifungua kipokezi kutoka kwenye amplifaya na kukijaribu kwa mawimbi ya mnara wa simu, ambayo masafa yake hushikiliwa kwa usahihi mkubwa mno. Kilikuwa sahihi. Tukakijaribu asubuhi kwenye baridi na mchana kwenye jua. Kilikuwa sahihi.

Yule binti ndiye aliyesema, "Mwalimu, hizi nukta haziruki ovyo. Zinapinda." Na kweli zilipinda, kwa utaratibu, kama kipande cha wimbi. Oskileta mbovu haichori mstari mzuri namna ile. Kati ya mwisho wa Juni na mwisho wa Septemba nundu nzima ilishuka kwa karibu kilohezi 140, yaani karibu kilomita 30 kwa sekunde, na hapo jibu likajiandika lenyewe ubaoni: kilomita 30 kwa sekunde ndio mwendo wa Dunia ikizunguka Jua. Mwishoni mwa Juni Dunia ilikuwa ikilipita kwa ubavu eneo lile la anga, bila kulikaribia wala kulikimbia. Mwishoni mwa Septemba ilikuwa inalikimbia kwa karibu mwendo wake wote. Tulikuwa tumepima mwendo wa Dunia kwa gesi iliyoko katikati ya nyota, kwa bati na waya, na nilikuwa nimekaribia kukilaumu kifaa kwa sababu tu kilisema kweli. Barua ile sikuituma. Grafu bado iko ukutani.

Ndiyo maana nasisitiza oskileta kuliko kitu kingine chochote. Kama ningebaki na kile kipokezi cha kwanza, mzingo ule ungezama ndani ya makosa yake, na darasa zima lingejifunza jambo moja tu, kwamba vifaa haviaminiki.

Mahali tulipo pana faida ambayo walimu wengi hawaijui. Mbeya iko karibu digrii 9 kusini mwa Ikweta, na ukisimamisha antena ikitazama juu moja kwa moja, bila mota wala kiguu cha kuigeuza, mzunguko wa Dunia unakupitishia Njia Nyeupe utosini mara mbili kwa siku: mara moja upande wa ndani wa galaksi, yaani lile kundi kubwa la nyota na gesi tunaloliona kama Njia Nyeupe, digrii 22 hivi kutoka kwenye kitovu chake, na mara moja upande wa nje. Katikati ya Agosti upande wa ndani unapita saa nne kasorobo usiku, wakati ambao wanafunzi bado wako macho. Spektra ya saa hiyo ndiyo nzuri kuliko zote tulizopata. Haina kilele kimoja bali vilele vinavyoungana, na upande wa masafa ya chini ina mkia mrefu unaokatika ghafla. Gesi ya kwenye ukingo wa mkia huo ndiyo inayotukimbia kwa kasi kuliko yote, nayo iko pale ambapo mstari wetu wa kuona unapita karibu zaidi na kitovu cha galaksi.

Baada ya kuondoa mwendo wa Dunia na wa Jua lenyewe, tulisoma kwenye ukingo huo kilomita kati ya 110 na 130 kwa sekunde. Ukiongeza sehemu ya mwendo wa Jua katika mzunguko wake kuzunguka galaksi inayoangukia mwelekeo huo, ambayo ni kilomita 85 hivi, unapata gesi inayozunguka kwa karibu kilomita 200 kwa sekunde, ikiwa umbali wa miaka ya nuru 10,000 kutoka kwenye kitovu. Jua letu, lililo mbali zaidi ya mara mbili ya hapo, halizunguki polepole kuliko gesi hiyo. Linazunguka kwa kasi inayokaribiana nayo, au kuizidi kidogo. Wanafunzi waliosoma sheria za Kepler walitegemea mwendo upungue kadiri umbali unavyoongezeka, kama ilivyo kwa sayari, na mjadala uliofuata kuhusu masi isiyoonekana ulichukua vipindi viwili ambavyo sikuwa nimevipanga. Sidai kwamba kipimo chetu ni cha kitaalamu. Antena yetu inaona eneo lenye upana wa digrii 18 hivi kwa mara moja, kwa hiyo ukingo wa mkia umefifia, na namba yake ina utata wa makumi ya kilomita.

Mnunuzi ajue pia kile ambacho seti hii haiwezi. Tangazo la muuzaji linaonyesha wingu la nyota lenye rangi za waridi na samawati, na picha ya namna hiyo hutaipata. Utapata mchoro wa mstari. Vilevile mawingu yanayozaa nyota hutayaona moja kwa moja. Ndani yake kuna baridi ya kelvini 10 hadi 20, haidrojeni imeungana mbilimbili kuwa molekuli, na molekuli hiyo haitoi wimbi la sentimita 21. Wanaastronomia huyachunguza kwa kutumia molekuli nyingine zilizochanganyika nayo kwa uchache, hasa kaboni monoksidi, iliyogunduliwa angani mwaka 1970 na Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias katika wimbi la milimita 2.6. Hiyo ni masafa ya gigahezi 115, karibu mara 80 ya masafa yetu, na vifaa vyake ni vya aina nyingine kabisa. Tunachokipima sisi ni haidrojeni ya atomu mojamoja, iliyo nyingi na iliyotapakaa kote, na ni halali kumwambia mwanafunzi hivyo tangu mwanzo.

Kwa wasio na fedha ya kununua, kituo cha uchunguzi wa anga cha Onsala nchini Uswidi huruhusu watu kutumia bure, kupitia intaneti, antena za sahani zenye kipenyo cha mita 2.3 zinazoitwa SALSA, zinazopokea wimbi hilihili. Ni huduma nzuri sana, na macho yake ni makali kuliko ya bati letu karibu mara tatu. Lakini Onsala iko digrii 57 kaskazini, na huko kitovu cha galaksi hakipandi zaidi ya digrii chache juu ya upeo wa macho, ilhali kwetu kinapanda hadi digrii 70. Na mwanafunzi aliyesimama mbele ya antena akaona joto la mwili wake likipandisha mstari hawezi kupata hilo kwenye tovuti.

Usumbufu mkubwa tulioupata haukutoka kwenye minara, kwa sababu masafa ya megahezi 1400 hadi 1427 yamelindwa kimataifa na hakuna anayeruhusiwa kurusha humo. Ulitoka majumbani: chaja za bei rahisi, taa za LED, na chaja ya kompyuta yetu wenyewe. Siku moja umeme ulikatika mtaa mzima tukiwa tunapima, nasi tukabaki na betri ya kompyuta. Miiba iliyokuwa imesimama kwenye spektra kwa wiki kadhaa ikatoweka yote kwa pamoja. Tangu hapo tunapima kwa betri, na nawashauri wengine wafanye hivyo tangu siku ya kwanza. Umande nao ni adui. Usiku wa Julai unatiririka ndani ya pembe, na kiungio kimoja cha amplifaya, ambayo kifuniko chake hakizuii maji ingawa inatakiwa kukaa nje, kilianza kuota kutu baada ya miezi miwili. Tulikisafisha kwa spiriti, tukazungushia tepu ya mpira, na mdomo wa antena tukaufunika kwa nailoni nyembamba iliyonyooshwa, ambayo mawimbi haya hupita kama haipo. Kwa bei ile, mtengenezaji angeweza kutupatia boksi lisilopitisha maji.

Nailoni hiyo ndiyo iliyotufikisha Januari. Mbeya ikiwa chini ya masika yake, darubini ya kioo ya shule ilikuwa imelala kwenye kasha lake tangu Novemba, na watu waliniuliza kwa nini bado napanda paani. Upande wa nje wa galaksi hupita utosini baada ya saa sita usiku katikati ya mwezi huo, na tarehe tuliyoichagua mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tuliongea kwa kupaza sauti. Tulichukua wastani wa dakika ishirini. Nundu ilikuwa ndogo na nyembamba kuliko ile ya Agosti, kama inavyotarajiwa pale ambapo galaksi inaelekea kwisha, lakini ilikuwepo, imesimama wima juu ya mstari tulivu, nayo mvua haikuigusa. Tuliipima tena usiku uliofuata, ikatokea dakika nne mapema kwa saa ya ukutani, na yule binti akaenda kuongeza nukta mpya kwenye karatasi ya grafu.